Miwaridi 12 Yenye Lebo ya Damaski: Uchambuzi wa Kisa Kutoka Mombasa

Usuli

Kisa hiki kinahusu uwanja mdogo nyuma ya nyumba moja kisiwani Mombasa. Mwenye bustani, ambaye hapa ataitwa Bi. M., hufunga vikuba, yaani vishada vidogo vya maua na majani yanayonukia, vya kuuza wakati wa harusi, na hupika maji kidogo ya mawaridi ya kutia kwenye mrashi. Asumini na mrihani anao uani kwake. Waridi ndilo lililokuwa likimsumbua. Yale ya dukani hutoka bara yakiwa marefu na mazuri kwa macho, lakini mengi hayana harufu, nayo hupigwa dawa ambazo hakuna angependa zichemke katika sufuria ya marashi.

Mwezi wa Agosti alinunua miche 12 kwenye kitalu cha kando ya barabara, upande wa kaskazini wa kisiwa. Kila mche ulikuwa ndani ya karatasi nyeusi, na kando yake kipande cha plastiki kilichoandikwa kwa kalamu ya wino: DAMASKI. Alipouliza kama kweli ni Damaski, muuzaji alimjibu, "Mama, hili ndilo waridi la marashi lenyewe. Nusa." Akanusa, akalipa.

Miche minane aliipanda ardhini, minne katika nusu pipa. Ardhi ya hapo imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, chokaa nyingi, na maji ya kisima cha nyumba yana chumvi kiasi. Kwa hiyo alichimba mashimo ya sentimita 45 kwenda chini na kuyajaza udongo mwekundu uliochanganywa na samadi iliyooza. Kazi ya kupanda haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwenye jina, na jina ndilo lililomwambia autunze mmea vipi.

Jina lilivyoongoza matunzo

Damaski asilia, Rosa damascena, ni waridi la milima yenye majira ya baridi. Hulimwa bonde la Kazanlak huko Bulgaria, Isparta ya Uturuki, Taif ya Saudia, na Jabal Akhdar ya Omani, ambako usiku wa baridi nyuzi huweza kushuka hadi karibu na 0. Hutoa maua kwa msimu mmoja wa wiki chache, kisha hukaa mwaka mzima bila ua. Maua huja kwenye matawi yaliyokomaa mwaka uliotangulia, ndiyo maana mkulima wa Damaski hakati kitu mpaka msimu upite.

Bi. M. alisoma maelekezo hayo na kuyafuata kama yalivyo. Maua ya kwanza yalitoka Oktoba, ya waridi iliyokoza, yenye harufu nzuri. Hakuyakata yaliponyauka. Mengine yakaja Desemba. Januari, kwa kuwa alisoma kwamba mmea huu lazima ulale, akaunyima maji kwa wiki sita katikati ya kaskazi, kipindi ambacho Mombasa ni kikavu kuliko chote. Jirani mmoja alimshauri amwage vipande vya barafu kwenye mashina, naye akajaribu mara mbili. (Barafu ya nusu saa si majira ya baridi. Damaski hutaka usiku baada ya usiku wa ubaridi kwa wiki nyingi, na hewa ya Mombasa hata Julai na Agosti usiku huzunguka nyuzi 20.) Miche mitatu ya kwenye mapipa ilipukutisha majani na kufa matawi nusu. Iliyobaki ilidhoofu, lakini mvua za masika zilipoanza, ikatoa maua tena.

Shaka ilianza kwa simu. Binamu yake anayeishi Muscat, mwenye jamaa wanaolima mawaridi Jabal Akhdar, alimweleza kwamba huko walikuwa ndio kwanza wanachuma, na kwamba wakimaliza Mei ni basi, mpaka mwaka ujao. Bi. M. alihesabu: Oktoba, Desemba, Machi. Damaski gani hili linalotoa mara tatu, na mahali ambapo halikupaswa kutoa hata mara moja?

Majibu ya haraka, na kwa nini yaliwekwa kando

Jambo la kwanza lililofanywa ni lile analofanya kila mtu: picha. Ua moja lilipigwa picha saa sita mchana, mwezi wa Machi, likapitishwa kwenye programu ya simu ya kutambua mimea. Programu ikasema ‘Gertrude Jekyll’. Siku ya pili, ua la mche huohuo likawa ‘Rose de Rescht’.

Yote mawili yaliondolewa bila taabu kubwa. ‘Gertrude Jekyll’ ni waridi la mzalishaji wa Uingereza, David Austin, la mwaka 1986, na miwaridi ya kisasa inayouzwa kwa utaratibu hubeba pia jina la msimbo la mzalishaji, ambalo herufi zake tatu za kwanza humtambulisha: hilo ni AUSbord, kama vile ‘Iceberg’ la Kordes lilivyo KORbin. Kitalu kinachokata pingili kando ya barabara hakina jina hilo, na hilo peke yake si ushahidi. Lakini ua la ‘Gertrude Jekyll’ ni kubwa, limejaa petali zilizojipanga kama msokoto, na hili halikuwa hivyo. ‘Rose de Rescht’ nalo lina petali nyingi zilizosongamana, na kikonyo cha ua kifupi mno, hata ua huonekana limekalia majani. Maua ya Bi. M. yalisimama juu ya vikonyo vya sentimita 3 hadi 5.

Kosa la picha ile halikuwa la programu peke yake. Joto la Machi hubadilisha ua la waridi zaidi ya sehemu nyingine yoyote ya mmea: petali hupungua, rangi hupauka kingo, ua hufunguka na kupwaya ndani ya siku moja, na harufu huondoka kabla ya saa nne asubuhi. Picha za vitabu na mitandao zimepigwa kwenye nchi za ubaridi. Anayelinganisha ua la Mombasa la Machi na picha ya Juni ya Uingereza analinganisha vitu viwili hata kama ni mwaridi mmoja.

Basi uamuzi ukawa kulihama ua na kuangalia sehemu ambazo joto haliziwezi.

Uchunguzi

Miche ilipewa nambari 1 hadi 12. Lebo zilikatwa kutoka kwenye mikebe ya soda na nambari zikakwaruzwa kwa msumari, kwa sababu wino wa kalamu hufutika kwa jua la Pwani katika miezi michache. (Penseli kwenye plastiki hudumu kuliko wino, ajabu lakini kweli.) Kazi hii ndogo ndiyo iliyotoa ugunduzi wa mapema: mche nambari 9 haukuwa sawa na wenzake. Majani yake yalikuwa laini, yanang'aa, bila kinyweleo chini, vijani vitatu au vitano, miiba michache, na ua lake la pinki nyepesi lilikuwa karibu halina harufu. Kwa muda wa miezi kumi miche 12 ilikuwa ikizungumzwa kama kitu kimoja, na kila maelezo yaliyotolewa kwa mtu wa mbali yalichanganya mimea miwili. Nambari 9 ikatengwa. Sura yake ni ya mawaridi ya China, na inafanana sana na ‘Old Blush’.

Kwa ile 11 iliyobaki, kalenda iliandikwa kila Ijumaa kuanzia Juni: maua mangapi yamefunguka kwenye kila mche. Wakati huohuo sehemu za mmea zilipimwa kwa utaratibu, daima kwenye tawi lililotoa ua na lenye umri wa kati, kwani machipukizi ya shinani hudanganya kwa miiba na ukubwa wa majani.

Stipuli zilitazamwa kwanza, yaani yale mabawa mawili membamba yaliyoshikamana na tako la kikonyo cha jani. Sababu ni kwamba shaka ya kwanza ya wenye uzoefu ilikuwa shina la kubebeshea, yaani mwaridi wa chini ambao juu yake huunganishwa mwaridi mwingine, na mojawapo ya yanayotumika sana duniani, Rosa multiflora, hujulikana papo hapo: kingo za stipuli zake zimechanika kama meno ya kitana. Hizi zilikuwa na kingo nzima zenye vinyweleo vifupi vya utomvu. Multiflora ikaondoka.

Miiba ilikuwa ya wastani, imepinda, yenye tako pana, ukubwa wake ukikaribiana. Damaski huwa na miiba mingi ya kila kimo, mikubwa ikichanganyika na midogo kama sindano, hata kulishika tawi ni adhabu.

Majani: vikonyo 20 vilihesabiwa, 16 vilikuwa na vijani 5 na vinne vilikuwa na 7. Upande wa chini ulikuwa na manyoya kidogo kwenye mshipa wa kati tu. Njia nyepesi ya kupima ni kupitisha kijani kwenye mdomo wa juu, unaohisi kinyweleo ambacho kidole hakikihisi. Jani la Damaski ni la kijivu na lina manyoya chini kotekote.

Kitako cha ua, sehemu ile iliyovimba chini ya petali, ni cha thamani kubwa na hakitazamwi na wengi. Cha Damaski ni kirefu na chembamba. Hiki kilikuwa cha mviringo, karibu kama punje ya dengu iliyovimba. Kikonyo chake kilikuwa na tezi chache za kunata. Sepali pia zilitazamwa: mbili zina ndevu pande zote, mbili hazina, moja ina ndevu upande mmoja. Humpendeza kila anayeliona mara ya kwanza, ila halisaidii kitu, kwa kuwa karibu mawaridi yote yako hivyo.

Petali zilihesabiwa mara mbili, maua matano kila mara. Agosti zilikuwa 31 hadi 38. Februari, mche uleule, 22 hadi 27. Mwenye kutaka kutambua waridi Pwani kwa hesabu ya petali aihifadhi kazi hiyo mpaka kusi livume, na aandike mwezi kando ya nambari.

Matawi mawili yalikaushwa kati ya magazeti. Gazeti lilibadilishwa kila siku kwa siku kumi. Mara ya kwanza lilibadilishwa kila siku ya tatu, likaota ukungu mweupe na tawi likatupwa.

Safari ya mche mama

Mwezi wa Septemba muuzaji wa kitalu aliulizwa, bila ugomvi, pingili alizitoa wapi. Hakuficha. Alizikata kwenye kichaka kikongwe katika kiambo kimoja cha zamani, akaongeza nyingine kutoka ua wa jirani zilipopungua. Hapo nambari 9 ikapata asili yake. Na jina Damaski? Wateja walikuwa wakija kuulizia "waridi la marashi la Damaski", naye alikuwa na waridi lenye harufu. Aliandika kile kilichoulizwa.

Kichaka kilipotembelewa, kilifukuliwa udongo kwa mkono kuzunguka shina. Sentimita 6 juu ya ardhi palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa ngumi ya mtoto. Juu ya uvimbe kulikuwa na kisiki kikavu kilicholiwa na mchwa. Matawi yote yaliyo hai yalitoka chini yake. Mzee anayetunza kiambo, baada ya shikamoo na maswali mawili matatu, alisema mwenyewe: "Zamani lilikuwa damu ya mzee, kubwa hivi. Tajiri alipohama likageuka."

Waridi haligeuki hivyo. Uvimbe ule ni mahali lilipobebeshwa: juu waridi jekundu la bustani, chini shina la kulibeba. La juu lilikufa, la chini likaishi na kutoa maua yake, na miaka mingi baadaye ndilo lililokatwa pingili.

Jina lililofikiwa

Ushahidi ulikuwa huu: mmea ulio kati ya Damaski na waridi la China kwa jani, mwiba na kitako cha ua, hutoa maua mfululizo (mche nambari 4 ulikuwa na ua wazi katika wiki 41 kati ya 52), una harufu ya Damaski, huota kwa pingili bila shida, na uliwahi kutumika kuwa shina la kubebeshea.

Mpinzani mkubwa alikuwa Damaski ya misimu miwili, ‘Quatre Saisons’, ambayo kweli hurudia maua. Lakini nayo ina jani la kijivu lenye manyoya, miiba iliyosongamana na kitako kirefu, na marudio yake ni haba. Iliondolewa kwa mambo matatu, si kwa moja.

Kilichobaki ni kundi la Bourbon, na ndani yake ‘Edouard’. Kundi hilo lilianzia kisiwa cha Réunion, zamani kikiitwa Bourbon, mwanzoni mwa karne ya 19: wakulima walikuwa wakizungushia mashamba ua wa ‘Old Blush’ na Damaski ya misimu miwili, na mche wa mchanganyiko ukajiotea baina ya hayo mawili, kisha mbegu zake zikapelekwa Paris. Huko India ‘Edouard’ imetumika kama shina la kubebeshea, na kusini mwa nchi hiyo waridi la panneer, la kutungia mashada na kutolea maji ya mawaridi, huhesabiwa kuwa ndilo hilo au ndugu yake. Kwa bandari kama Mombasa hakuna cha kushangaza kwamba limefika.

Lebo mpya iliandikwa "Bourbon, aina ya Edouard", pamoja na mwezi na chanzo cha pingili. Neno "aina ya" liliwekwa kwa makusudi. Ndugu wa mawaridi hufanana mno: ‘Mister Lincoln’, ‘Oklahoma’ na ‘Papa Meilland’ yote ni watoto wa wazazi walewale wawili, ‘Chrysler Imperial’ na ‘Charles Mallerin’, na wakulima wazoefu huyachanganya. Kipimo cha vinasaba kilifikiriwa na kuachwa. Kipimo hulinganisha sampuli na sampuli nyingine iliyothibitishwa jina. Bila hiyo hulipia orodha ya alama zisizo na pa kufananishwa.

Matokeo

Matunzo yalibadilika mara moja. Ua lililonyauka sasa hukatwa hadi kwenye jani la kwanza lenye vijani vitano linaloelekea nje. Mwishoni mwa Juni mmea hupunguzwa theluthi. Kila miezi miwili nusu ndoo ya samadi. Wakati wa kaskazi maji lita 8 hadi 10 kila mche mara mbili kwa wiki, ya mvua au ya mfereji, kwani ya kisima yalikuwa yakiacha ukoko mweupe kwenye mapipa. Majani machanga yaliyokuwa ya manjano huku mishipa ikibaki kijani yalinyunyiziwa madini ya chuma. Hiyo ni athari ya chokaa, na ingekuwapo hata lebo ingekuwa sahihi. Mche mmoja kati ya mitatu iliyopukutisha majani ulikufa kabisa. Iliyobaki kumi hutoa maua ya kutosha kuchuma kabla ya saa moja asubuhi gramu 150 za petali siku nzuri. Katika sufuria na maji mililita 700, zile 200 za mwanzo zinazotokana na mvuke ndizo huwekwa.

Chupa 30 zilizokwisha kubandikwa "Marashi ya Damaski" zilibanduliwa karatasi. Bi. M. hakupenda, akabandua. Sasa zimeandikwa "Maji ya Mawaridi".

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi kilikuwa daftari la Ijumaa. Damaski ya msimu mmoja ilikwisha kuondoka kwa kalenda kabla jani halijapimwa, na kalenda haihitaji utaalamu. Cha pili ni kufukua shina la mche mama: dakika kumi za mikono zilieleza asili, rangi iliyo "geuka" na sababu ya mmea kustahimili Pwani vizuri hivyo.

Kilichokwama ni mpangilio. Miche ilipaswa kutiwa nambari siku iliyonunuliwa. Badala yake miezi kumi ilipita bila nambari, na sehemu yake ilipotea katika kubishania ua moja lililopigwa picha mchana wa Machi. Na yule mche mmoja aliyekufa hakufa kwa lebo. Lebo ilikosea, lakini mmea wenyewe ulikuwa umekwisha sema Oktoba na Desemba kwamba haulali, na alinyimwa maji Januari kwa sababu karatasi iliaminiwa kuliko tawi lenye machipukizi. Wiki mbili za kuutazama zingetosha kusitisha.

Kwa muuzaji, neno udanganyifu lilitajwa na halikustahili. Aliyekosa ni yule asiyeandika chanzo. Sasa kitaluni kila safu ya pingili ina kijiti chenye jina la kiambo zilikotoka, hata pale aina haijulikani, na "Damaski" haiandikwi. Wateja bado huiulizia. Huambiwa kwamba hiyo haitoi ua Mombasa, na huonyeshwa hii.

Nambari 9 imehamishiwa pembeni karibu na kisima, ambako inachanua bila kujali chumvi. Haiingii kwenye sufuria, ila petali zake hutiwa kwenye vikuba mrihani unapokuwa mwingi kuliko maua.